Gari la Kuhama na la Kambi: Namna ya Kulichagua na Kuliandaa kwa Mkazi wa Arusha au Moshi

Mtu wa Arusha akiwaza gari la dharura, picha inayomjia kwanza ni Land Cruiser ya watalii iliyorefushwa, yenye paa la kufunguka, bomba la hewa lililopandishwa pembeni ya kioo na winchi mbele, kwa kuwa hizo ndizo anazoziona kila alfajiri zikielekea Makuyuni. Ni gari zuri, lakini limejengwa kwa kazi nyingine: kubeba wageni wachache kwenye njia inayojulikana, kisha kurudi gereji kukaguliwa kabla ya safari inayofuata. Familia ya mtaa wa Sakina, Arusha, au wa Pasua, Moshi, ina mahitaji mengine kabisa. Gari lake hushinda likipeleka watoto shule na kubeba mizigo ya dukani, halafu usiku mmoja wa masika linatakiwa litoke na watu wote wa nyumbani kwa muda usiozidi dakika ishirini. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na njia pamoja na abiria, na gari lenyewe linakuja baadaye.

Dharura gani, na kwa njia ipi

Mafuriko ndiyo yanayotupata mara nyingi zaidi. Kati ya Machi na Mei mvua ikikaza mlimani, maji hushuka kwa makorongo yaliyokuwa makavu wiki moja kabla, na mtu wa tambarare anaweza kuzingirwa na maji hali kwake halijadondoka tone. Aprili 2024, jijini Arusha, gari lililokuwa limebeba wanafunzi lilisombwa na maji asubuhi likielekea shule, na watoto wakapoteza maisha. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliushukia mji wa Katesh na kuifunika barabara. Hatari ya volkano nayo ipo, ingawa huja mara chache: Julai 2007 tetemeko lililotokea upande wa Ziwa Natron lilisikika hadi Arusha, na miezi michache baadaye Ol Doinyo Lengai ikaanza kurusha majivu, ambayo huziba kichungio cha hewa cha injini na kukwaruza kioo cha mbele mtu akiwasha waipa bila maji.

Hata hivyo, safari ya dharura ambayo familia nyingi za huku zitaifanya kweli si ya volkano wala ya maporomoko. Ni ya mgonjwa: mama mjamzito au mzee aliyezidiwa saa nane usiku huko Kibosho au Old Moshi, mvua inanyesha, barabara ya udongo mwekundu inateleza kama sabuni, na hospitali iko chini mjini. Gari lililoandaliwa kwa safari hiyo litakuwa limeandaliwa kwa sehemu kubwa ya safari nyingine pia, na likizo ya kambi ya siku mbili ndiyo nafasi bora ya kulijaribu bila kihoro.

Chukua karatasi uandike njia mbili za kutoka nyumbani kwako zisizovuka korongo moja. Zipitie zote mchana, kisha mojawapo uipitie usiku, ukihesabu madaraja na drifti, yaani vile vivuko vya zege ambavyo maji hupita juu yake. Wengi hushtuka wakigundua kwamba njia zao zote mbili zinakutana kwenye kalavati lilelile. Barabara kuu ya Arusha hadi Moshi, yenye urefu wa kilomita zipatazo 80, yenyewe inavuka mto Usa, Kikafu, Weruweru na Karanga, kwa hiyo anayedhani kwamba atakimbilia mji wa pili ajue pia atakaa wapi iwapo daraja moja litafungwa. Aliye bondeni chini ya mlima akumbuke kwamba tope hufuata mkondo wa bonde. Usalama wake uko ubavuni, kwenye mgongo wa kilima ulio karibu, hata kama barabara nzuri zaidi ni ile inayoteremka na bonde.

Gari lenyewe

Hesabu watu kabla ya kuhesabu nguvu za farasi. Kila mmoja anahitaji kiti chenye mkanda, na lazima ijulikane mgonjwa atalazwa wapi. Kwa kigezo hicho Toyota Noah, ambayo watu wengi huidharau, inashinda magari mengi ya kifahari: viti vya nyuma vinakunjwa, mlango wa pembeni unafunguka wote, na mtu anaingizwa akiwa amelala bila kupindwa. Udhaifu wake ni uwazi wa chini, yaani nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi, ambao ni sentimita zipatazo 15 tu, na jiwe lolote la ukubwa wa tofali linaweza kupasua sampo ya oili. Zipo Noah zinazovuta magurudumu yote manne, na kwa familia inayoishi kwenye lami na kupanda kijijini wakati wa Krismasi, mimi ningenunua hiyo ikiwa nzima kuliko kununua Prado iliyochoka kwa bei maradufu.

Anayeishi ndani zaidi, au anayetaka kupiga kambi Engaruka na Natron, atahitaji gari lenye chasi yake, uwazi wa kutosha na gia nzito, ile ya kuvuta kwa nguvu polepole. Hapo jina linalotajwa na kila fundi ni Land Cruiser Hardtop yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na ujazo wa lita 4.2, isiyo na turbo. Sifa yake kuu si nguvu, maana haina nyingi. Ukiipakia na kuipandisha ukingo wa Ngorongoro, kwenye mwinuko wa takribani mita 2,300 ambako hewa ni nyepesi, itakwenda kwa hatua ya punda. Sifa yake ni kwamba pampu yake ya dizeli inafanya kazi bila kompyuta, na kuanzia Longido hadi Same hutakosa fundi aliyewahi kuifungua. Bei yake, lakini, inawashinda wengi. Kwa mtu wa kipato cha kati mimi hupendekeza gari lisilotajwa sana: Suzuki Escudo ya zamani, ile iliyotengenezwa kabla ya 2005, ambayo ina chasi imara, gia nzito na uzito mdogo, ingawa haitoshi familia ya watu saba.

Kabla ya kulipa, fanya jambo moja ambalo wanunuzi wachache hulifanya. Nenda kwenye maduka matatu ya spea mjini uulize bei ya pampu ya maji, klachi, na bushi za mbele za gari unalolitamani. Ukiambiwa kwamba mpaka ziagizwe Dar es Salaam, achana na gari hilo, hata likiwa linang'aa namna gani. Kisha mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu kinafichwa kwenye uwashaji wa asubuhi. Chomoa kijiti cha oili na ufungue mfuniko wa kujazia: ukiona ukoko wenye rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Moshi wa bluu usiokatika ni oili inayoungua, moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikishapata moto huenda ni maji ya rejeta, na mweusi kwenye dizeli mara nyingi ni nozeli au kichungio kilichoziba. Mwisho ingia chini na bisibisi uchokoe chasi, hasa sehemu ya nyuma. Magari mengi yaliyotumika Japani yanatoka mikoa yenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, na kutu ya chumvi hula chuma kutoka ndani huku rangi ya nje ikiendelea kupendeza.

Tukija kwenye kuvuta magurudumu manne, magari kama Hardtop nyingi huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma mpaka dereva ahamishe mpini wa pili wa gia, na katika matoleo mengi habu za mbele hufungwa kwa mkono. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kitasa kidogo cha kuzungusha, na kama hakikuzungushwa hadi alama ya kufunga, gia inaweza kuingia, taa ikawaka kwenye dashibodi, na magurudumu ya mbele yasivute kitu. Nimewahi kumwona dereva akisaga matope kwa nusu saa kwenye mbuga ya udongo mweusi, akililaani gari, mpaka kijana mchunga mbuzi alipomwonyesha kitasa kile. Fundisha kila mwenye leseni nyumbani kukifunga, tena gizani. Ukirudi kwenye lami kavu rudisha gia ya magurudumu mawili, kwa sababu kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma husafiri umbali tofauti, na mkazo huo usipopata pa kutokea huumiza shafti na gia.

Matairi, ambayo ningeyatangulizia pesa zote

Mtu mwenye fedha ya kununua ama winchi ama matairi mapya manne, anunue matairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna herufi DOT, na mwishoni mwa mstari huo, ndani ya kijiduara kirefu, kuna tarakimu nne. Tairi lililoandikwa 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usidanganywe na vina vya kashata. Tairi lililokaa kontena na kisha juani mbele ya duka kwa miaka minane linaweza kuwa na kashata kama jipya, lakini mpira wake umekauka, na likibeba mzigo mzito mchana wa joto kwenye mteremko wa kwenda Same linaweza kupasuka. Pinda kidogo ubavu wake kwa kidole gumba na utazame: mipasuko myembamba kama ya nyayo zilizokauka ni dalili ya kuliacha.

Tairi la akiba ndilo linalosahauliwa kuliko yote, na mimi ni shahidi. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa njiani kutoka Mto wa Mbu kuelekea Ngaresero kwa Prado ambayo tairi lake la akiba linaning'inia chini ya sakafu ya nyuma kwa mnyororo. Tulipopata pancha, nilitoa mpini wa kuteremshia nikauingiza kwenye tundu lake, nikazungusha, na haukusogea hata robo. Kile kifaa kilikuwa kimeganda kwa kutu na vumbi. Tairi zima, lenye upepo, lilikuwa pale mbele ya macho yetu, umbali wa shubiri mbili, na hatukuweza kulipata. Tulilala palepale, watu watano, na asubuhi dereva wa lori la magadi akatukatia mnyororo kwa msumeno wa chuma. Niliporudi Moshi, fundi wangu aliuliza swali moja tu: "Mangi, hii spea mara ya mwisho uliishusha lini?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo huishusha kila baada ya miezi mitatu, naipaka grisi kwenye mnyororo, naijaza upepo na kuirudisha.

Pamoja na tairi hilo, jeki inahitaji kibao cha mbao ngumu cha ukubwa wa sinia ndogo, kwa kuwa kwenye majivu ya volkano au matope jeki huzama yenyewe badala ya kuinua gari. Wili spana ya msalaba ni bora kuliko ile fupi inayokuja na gari, na kama nati zilikazwa na mashine ya kijiwe cha pancha, jaribu kuzilegeza nyumbani ujue kama mke, mume au kijana wako anaziweza. Chukua pia kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri na geji ya upepo. Ukikwama kwenye mchanga au tope laini, punguza upepo kutoka kama psi 35 hadi kama psi 20 kwenye geji, tairi litatanuka na kukanyaga kwa upana zaidi, na mara nyingi gari litatoka bila kuvutwa. Usikimbie kabla ya kuujaza tena, maana tairi laini hupata joto upesi na huweza kuchomoka kwenye rimu.

Uzito, na kishawishi cha kupakia paa

Wajapani wanapokadiria uzito wa gari lililojaa huhesabu kilo 55 kwa kila kiti. Noah ya viti vinane, basi, imekadiriwa kubeba kilo 440, watu na mizigo pamoja. Sasa tupige hesabu ya familia ya watu watano wenye jumla ya kilo 300. Ongeza lita 40 za maji, ambazo ni kilo 40. Dumu la lita 20 za dizeli, kilo 17 hivi. Hema na magodoro kilo 25. Chakula na sufuria kilo 20. Vifaa vya gari kilo 25. Mabegi kilo 50. Na keria ya chuma iliyochomelewa na fundi wa mtaani kilo 40. Tumefika 517, na bibi hajaingia.

Gari lililozidiwa halisemi siku hiyo. Springi zinanepa, taa za mbele zinamulika miti badala ya barabara, breki zinachemka kwenye mteremko, na matairi yanapata joto. Punguza vitu kwanza. Ukishindwa kupunguza ndipo uimarishe springi na shokomzoba za nyuma, ukijua kwamba breki na chasi zinabaki zilezile. Maji, betri na vyuma viwekwe chini, mbele ya ekseli ya nyuma, na vifungwe kwa mikanda, kwa kuwa dumu la lita 20 likiruka mbele wakati wa breki ya ghafla ni sawa na jiwe. Juu ya paa weka vitu vyepesi na vikubwa tu, kama magodoro na turubai. Magari mengi ya kawaida yamewekewa kikomo cha kati ya kilo 50 na 100 juu ya paa yakiwa mwendoni, keria ikiwa ndani ya hesabu hiyo, na hema la kukunjuka juu ya paa peke yake linaweza kuumaliza uzito wote. Mahema hayo yanapendeza kambini, lakini kwa gari la kuhamia siyapendi: yanainua kitovu cha uzito, gari linayumba kwenye barabara iliyoinama upande, na hakuna anayetaka kulikunja hema gizani maji yakiwa yanakuja.

Kuvuka maji

Hapa sitakuwa mpole. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuliinua na kulisukuma gari dogo, na yenye sentimita 60 yanaweza kuchukua magari mengi, hata pikapu na yale marefu. Sababu yake ni rahisi kuiona kwa hesabu: mita moja ya ujazo wa maji ina uzito wa kilo 1,000, na tumbo la gari la kawaida ni pana kiasi kwamba kila sentimita 10 za maji yanayopanda juu ya sakafu kabla hayajaingia ndani hulipunguzia gari mamia ya kilo. Magurudumu yanabaki yakigusa chini kwa ncha tu, na mto unafanya unavyotaka. Maji ya mafuriko yana rangi ya chai, hayaonyeshi kama zege la drifti bado lipo chini yake au limeshaondoka. Mtu mzima anaweza kuangushwa na sentimita 15 tu za maji yanayokwenda kasi, kwa hiyo usimtume kijana atangulie kupima kwa fimbo. Geuza gari utumie njia ile ya pili uliyoiandika, au subiri mahali pa juu. Mafuriko ya makorongo yetu mengi hupungua ndani ya saa chache mvua ikikatika.

Lile bomba la hewa la pembeni lina faida, lakini si ile inayodhaniwa. Faida yake ya kila siku ni vumbi: linavuta hewa safi zaidi kutoka juu, na kichungio hudumu kwenye njia kama ya Natron. Halizuii gari kuelea. Na ikitokea injini imezimika majini, usiiwashe tena. Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa, pistoni inagota, na konrodi, yaani mikono inayosukuma pistoni, zinapinda. Injini iliyohitaji kukaushwa na kubadilishwa oili inakuwa ya kutupwa kwa kugeuza ufunguo mara moja. Toa watu, hasa kupitia madirisha ya upande ambao maji hayausukumi, na uwe na nyundo ndogo ya kuvunjia kioo karibu na dereva, kwa sababu madirisha ya umeme huweza kugoma.

Kulala, umeme na moto

Kulala ndani ya gari kunafaa kuliko wengi wanavyodhani, hasa mahali ambapo wanyama hupita usiku, kama kwenye kambi zilizo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kata ubao wa plaiwudi wa milimita 12 vipande viwili vinavyokaa juu ya viti vilivyokunjwa, weka godoro la sponji la inchi tatu, shona vitambaa vya neti vinavyobanwa na mlango ili dirisha libaki wazi vidole viwili, na watu wawili wazima watalala vizuri. Wengine wapate hema dogo. Baridi ya kule juu haitanii. Blanketi zito na shuka la Kimasai kwa kila mtu ni bora kuliko begi la kulalia la bei rahisi.

Baridi hiyohiyo ndiyo inayowafanya watu waingize jiko la mkaa ndani ya gari au hema, na hilo ni kosa la mwisho kufanya. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu huzimia usingizini bila kukohoa. Jiko la gesi nalo lipikiwe nje, na injini isiachwe ikiunguruma ili kupasha joto, hasa gari likiwa limezama kwenye tope lililoziba bomba la moshi.

Kwa umeme, epuka kutegemea betri moja kwa taa, simu na kuwasha gari. Betri ya kawaida ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 gari likiwa limezimwa. Ikishuka hadi karibu 12.2 nusu yake imekwisha, na kuizoesha kushuka zaidi ya hapo kunaiua mapema. Anayepiga kambi mara kwa mara afunge betri ya pili yenye kitenganishi, ili ya kuwashia isiguswe, na kila waya wa ziada uwe na fyuzi yake karibu na betri. Asiyeweza gharama hiyo atatosheka na paneli ndogo ya sola, taa za kuchaji na pawabenki mbili. Friji ya gari ni starehe, si dharura, isipokuwa kwa mwenye dawa kama insulini. Kwake inaingia kwenye orodha kabla ya kitu kingine chochote.

Vinavyokaa garini na vinavyokaa begini

Vipo vitu vinavyobaki garini mwaka mzima: pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto, ambavyo askari wa usalama barabarani huviulizia hata hivyo, kisanduku cha huduma ya kwanza, kamba ya kuvutia yenye nguvu pamoja na pingu zake za chuma za kuiunganishia kwenye gari, shepe, panga, tochi ya kichwani, fyuzi, mkanda wa feni, lita mbili za oili na maji ya rejeta. Kamba ifungwe kwenye ndoano ya chasi, si kwenye bampa wala kwenye kile kijicho chembamba cha kufungia gari melini, na watu wakae mbali wakati wa kuvuta, kwa kuwa kamba ikikatika hurudi kama mjeledi.

Kwa maji, kadiria lita 15 kwa mtu kwa siku kama unahesabu kunywa, kupika na kuoga kidogo, lakini ndani ya gari beba walau lita nne za kunywa na kupikia kwa kila mmoja kwa siku mbili, halafu utafute mengine njiani. Yabadilishwe kila mwezi. Mafuta ya akiba yakae kwenye dumu la chuma lililotengenezwa kwa mafuta, na kama ni petroli yasikae ndani pamoja na watu, maana mvuke wake hulipuka. Chakula kiwe kile ambacho watoto wanakila bila kubembelezwa: unga wa uji, karanga, tende, biskuti, mchele na dagaa.

Begi la nyaraka ni jambo jingine. Hilo linakaa nyumbani, mahali pamoja, na linabebwa na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina. Ndani yake kuna nakala za vitambulisho, kadi za bima ya afya, vyeti vya shule, hati ya kiwanja, dawa za wiki moja, na fedha taslimu za noti ndogondogo, kwa kuwa umeme na mtandao vikikatika pesa ya kwenye simu haitanunua hata maji. Kwenye karatasi ya juu andika namba 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji, pamoja na namba za ndugu wawili walio nje ya mkoa, kwa kalamu, kwa sababu siku hizi hakuna anayekumbuka namba kichwani.

Kuliweka tayari

Tenki lisishuke chini ya nusu kuanzia Machi hadi Mei, na tena vuli inapoanza Oktoba. Sikiliza tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na ikitangazwa mvua kubwa, liegeshe gari likiwa limeelekea getini, ufunguo kwenye msumari ambao kila mtu mzima wa nyumbani anaujua. Mara mbili kwa mwaka fanyeni zoezi bila kutangaza: pakieni, kaeni kila mtu na kiti chake, tokeni hadi mwisho wa njia ya kwanza na kurudi kwa njia ya pili. Zoezi la kwanza la kwetu lilichukua dakika 47, na dakika 11 kati ya hizo zilipotea getini, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, geti letu linafunguliwa na mota, na kile kifunguo kidogo cha kuilegeza kwa mkono kilikuwa kwenye droo ya ofisini kwangu mjini. Sasa kimefungwa kwa waya kwenye kishikio cha ufunguo wa gari.